Mizani Ikiita, Printa Ikiita

Jumatatu, 12 Mei. Musoma

Nimeamua. Kabla msimu wa pamba haujafunguliwa, Mama Eufrasia atajua nani ana akili katika karakana hii.

Tuko watatu tu. Mama Eufrasia, tajiri yetu, anayekaa mlangoni kusalimiana na mtaa wetu wote wa Iringo. Mimi, Lukresia, fundi wa kompyuta na redio. Na Edwin, fundi pia, mtu wa Butiama, mpole kupita kiasi. Mtu mpole namna ile hakosi mpango.

Kazi iliyopo mezani ni ya kinu cha pamba, Bunda. Kinu kina programu ya zamani ya kupokea pamba. Inasoma mizani, inatoa risiti, basi. Kompyuta yake ilikufa, na za aina ile hazitengenezwi tena. Ndipo ikaandikwa emuleta, yaani programu inayojifanya ile kompyuta ya zamani. Ndani ya laptop mpya kuna prosesa ya kuigiza, mizani ya kuigiza, printa ya kuigiza, hizo mbili zimeunganishwa na zile za kweli. Programu ya zamani ikiamka humo inajiona iko kwake. Haijui kwamba imehamishwa.

Tatizo la kwanza: emuleta hii kaiandika Edwin.

Tatizo la pili: mama yangu anajua nimeiandika mimi.

Si uongo kamili. Kwenye simu nilisema "mashine yetu". Mama akasikia "yangu". Akafurahi mno, nami sikuona vyema kumrudisha nyuma. Kesho yake akawatangazia wanakwaya wote wa kwetu Kabasa, huko huko Bunda. Leo amepiga simu: siku ya ufunguzi ataleta pamba yake awe wa kwanza kupimiwa, aone kazi ya mwanawe kwa macho yake.

Sina budi. Kabla ya siku hiyo mashine iwe yangu kweli. Walau upande mmoja.

Jumanne, 13 Mei

Nimeupata upande. Makatizo.

Niandike taratibu, kichwa kitulie. Prosesa ina kazi moja na imeiinamia. Haitazami pembeni. Mizani ikipata uzito, lazima iikatize: ngoja, nina jambo. Printa ikimaliza risiti, vilevile. Hilo ndilo katizo. Katika mashine ya kweli ni waya. Kifaa kikiita, waya unapanda. Kikishasikilizwa, unashuka.

Sasa tazama alichofanya Edwin. Mizani yake haiiti prosesa. Inaambia faili moja, nalo linaambia faili la pili, la pili linaambia la tatu linaloitwa "mikono", ambalo sijaona kazi yake hata baada ya kulisoma na chai mbili. Ndipo prosesa iambiwe. Barua ya mtendaji wa kata hupatikana kwa mlolongo mfupi kuliko huo.

Nilimwuliza Edwin, kwa upole wa kazini, kwa nini mzunguko wote ule. Akafikiri. Akasema unasaidia vikiita pamoja. Akaendelea kuchomelea redio ya watu.

Vikiita pamoja. Hilo ni jibu la mtu anayeficha kitu.

Mpango: nafuta mafaili yote matatu. Waya mmoja, moja kwa moja hadi kwa prosesa. Kila kifaa kiupandishe na kiushushe chenyewe. Ila Edwin asiwepo nikifuta. Ana macho ya kusikitisha.

Alhamisi, 15 Mei

Edwin nilimwondoa. Nilimwambia kuna mwenye steshenari Kiabakari kapiga simu, printa yake inatafuna karatasi. Hakuna steshenari. Hakuna simu. Nilitaka azunguke tu mpaka jioni. Akachukua pikipiki bila swali hata moja, na wingu lilikuwa limeshasimama upande ule. Mvua ilipoanza nilijisikia vibaya kidogo. Nikafuta mafaili, nikapata nafuu.

Kufuta ni raha kuliko kuandika. Kurasa na kurasa, zimekwenda. Mizani ikaita, prosesa ikaitika papo hapo. Nilicheza kidogo nyuma ya meza. Mama Eufrasia akauliza kama kuna panya.

Jioni Edwin akarudi ameloa mpaka soksi, ana furaha. Akasema steshenari ameipata, printa kweli ilikuwa inatafuna karatasi, ameitengeneza, na mwenyewe ameshukuru sana ila anashangaa ni nani aliyepiga simu.

Akatoa ndani ya jaketi karanga za kuchemsha, mfuko mkavu kabisa, akasema amekumbuka kuwa nazipendaga.

Nimezila. Lakini mtu anayekubali aloe yeye karanga zibaki kavu, huyo anataka kitu. Niwe macho.

Ijumaa, 16 Mei

Leo nimemwonyesha Mama Eufrasia. Tuliweka betri ya gari juu ya mizani ya majaribio. Risiti ikatoka kabla hajanyoosha mgongo. Akasema imekuwa nyepesi kama imeondolewa mzigo kichwani. Akasema Jumatatu niende mimi Bunda kusimamia ufunguzi. Mimi.

Kisha akamwuliza Edwin anaonaje. Edwin akasoma nilichoandika, mstari kwa mstari, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Akasema inasomeka vizuri kuliko yake. Akaniuliza kama nimejaribu mizani na printa kwa pamoja.

Nikasema nimejaribu. Ni kweli nimejaribu. Mizani asubuhi, printa mchana.

Akasema angependa naye kuja Bunda, kama sitajali. Nimeielewa hiyo. Anataka asimame karibu yangu picha zikipigwa. Nimemkubalia kwa sababu pikipiki ni yake.

Jumapili, 18 Mei. Bunda

Niko nyumbani, Kabasa. Pamba imejaa chumba changu cha zamani mpaka dirishani, kwa hiyo nimelala sebuleni. Edwin kafikia kwa binamu yake.

Kanisani mama alinisimamisha. Aliwaambia watu kwamba naandika kodi. Anamaanisha zile za kompyuta, lakini neno ni hilo hilo. Baada ya ibada wenye maduka wawili walinipita kwa mbali, na mzee mmoja wa kanisa akanivuta kando kuniomba nimfikirie mwanawe, biashara ni mbaya. Niliahidi kumfikiria. Ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Mchana tulikaa mlangoni, mama na mimi, tukichambua pamba. Anataka iwe nyeupe tupu, hata jani dogo lisionekane. Vidole vyake vimepasuka kwa vikonyo vya pamba, anapaka mafuta ya kupikia, anaendelea. Akaniomba nimweleze mashine inavyofanya kazi. Nikaeleza. Waya, kuita, kuitika. Alisikiliza vile alivyokuwa akisikiliza ripoti zangu za shule, akitazama mdomo wangu zaidi kuliko maneno.

Halafu akauliza: "Na wakiita wawili?"

Nikamwambia waya ni ule ule, wote wanautumia.

Akaitikia kwa kichwa. "Hapo umefikiri, mwanangu."

Nilitamani aulize lingine, nijibu tena.

Jumatatu, 19 Mei. Bunda

Siku mbaya. Naandika hata hivyo.

Ilianza vizuri. Watu walijaa uani, na magunia, na matoroli, na ng'ombe wawili wenye mkokoteni waliokataa kusogea. Mama alikuwa wa kwanza kama alivyosema. Lakini akampisha mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Akampisha babu mmoja. Akampisha jirani aliyesema ana msiba. Mwisho akawa katikati ya umati, na mimi nikawa nimeitwa ofisini na meneja, Mzee Stanslaus, kunywa soda ya pongezi.

Watu wa kwanza walipimiwa bila shida. Gunia juu, uzito, risiti, anayefuata. Karani akaona mashine ina kasi, naye akaongeza kasi. Akawa anapandisha gunia lingine wakati risiti ya aliyetangulia bado inatoka.

Mzee mmoja akaja mlangoni akalalamika kwamba gunia lake limekaa juu ya mizani na skrini haikuonyesha kitu, karani akamwambia ashushe asubiri. Nikamjibu kwamba mashine haikosei, labda mzigo haukukaa sawa. Akaja mama mwingine. Nikamjibu hivyo hivyo, na soda mkononi.

Kisha akaja Edwin. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akasema, "Lukresia, njoo nje kidogo. Mama yako."

Mama alikuwa ameketi chini, kando ya ukuta, ubavuni mwa gunia lake. Amelifungua. Anatoa pamba kwa mafungu, anaigeuza, anaitazama juani, anarudisha. Karani alikuwa amemrudisha mara mbili. Nilimwuliza kwa nini hakuniita.

"Niseme nini, mwanangu? Niseme mashine yako imenikataa?" Hakuniangalia. "Nilijua kuna jani nimeliacha. Nalitafuta."

Nikakaa chini kwenye vumbi na gauni langu la ufunguzi. Nikamwambia hakuna jani. Akasema huenda lipo ndani zaidi. Nikamwambia, mama, hakuna jani, acha kutafuta. Sauti yangu ilitoka vibaya.

Edwin alikuwa amechuchumaa karibu nasi. Alisema polepole, kama anaomba radhi yeye, kwamba mizani ikiita huku printa inamalizia, waya unakuwa umepandishwa na wote wawili. Printa ikimaliza inaushusha. Inaushusha na wa mwenzake. Prosesa ikitazama, waya uko chini, inajua hakuna aliyeita. Uzito unabaki kwenye mizani, hausomwi na mtu.

Ndiyo kazi ya faili la "mikono". Lilikuwa linaangalia ni mikono ya nani iliyo juu. Waya haukushushwa mpaka wote wawe wameshusha.

Nilikuwa nimelifuta.

Nilingoja aseme kwamba aliniambia. Aliniambia Jumanne, akaniuliza tena Ijumaa. Yeye akainuka. Alikwenda kumwomba karani asimamishe upimaji. Mzee Stanslaus akatoka amekasirika, akataka kujua ni nani aliyeharibu. Edwin akasema, "Tumekosea, mzee. Tunarekebisha."

Hiyo "tu" nimeifikiria mchana kutwa.

Tulikaa sakafuni ofisini. Nilidhani atarudisha mafaili yake yote matatu, na nisingekuwa na neno. Badala yake alinisogezea laptop. Akasema mawili ya kwanza kweli hayakuwa na kazi, aliyaandika akiwa mgeni wa kazi hiyo, akaogopa kuyagusa baadaye. Hilo la mikono tu ndilo linahitajika, na hata lenyewe linaweza kuwa fupi. Nikaliandika upya. Kila kifaa na mkono wake. Mkono wowote ukiwa juu, waya uko juu. Ikishushwa yote, unashuka. Mistari michache, inaenea kwenye kiganja. Nilikosea mahali, akanionyesha kwa kidole bila kugusa kibodi. Kidole kina kovu la kuchomelea. Sijui kwa nini naandika habari za kidole.

Safari hii tulijaribu kwa pamoja. Pamoja kweli. Yeye akikanyaga mizani, mimi nikichapisha. Tena na tena mpaka akachoka kupanda na kushuka.

Kisha nikatoka uani. Nilikuwa nimepanga kuwaambia watu kwamba mashine ilipata hitilafu ya umeme. Nikawatazama, wale waliorudishwa, wamekaa juu ya magunia yao. Nikasema mizigo yenu ilikuwa sawa, mimi ndiye niliyekosea, njooni mpimiwe. Sikupanga kusema "mimi". Lilitoka lenyewe.

Yule mzee niliyemjibu na soda mkononi akasema, "Haya, binti, tumesikia." Akanyanyua gunia lake.

Jumanne, 20 Mei. Bunda

Upimaji wa jana uliisha salama. Hakuna aliyeondoka bila risiti.

Mama alikataa kutangulizwa. Alingoja mpaka wote waliorudishwa wakapimiwa, akaja wa mwisho kabisa. Edwin na mimi tulibeba gunia. Skrini ikaonyesha uzito, printa ikalia, risiti ikatoka na jina lake, DAFROZA, herufi zote. Alilisoma kwa sauti. Akaikunja risiti akaifunga kwenye pindo la kitenge.

Leo asubuhi nikaamua kumwambia ukweli wote. Nilikuwa nimejiandaa tangu nachota maji. Nikamwambia, mama, ile mashine kaiandika Edwin, mimi nimerekebisha kipande tu, tena nilikiharibu kwanza.

Akaendelea kukoroga uji. Akasema Edwin kamwambia tofauti. Jana, pale ukutani, kabla hajaja kuniita, alimwuliza mama kwa nini anachambua pamba iliyokwisha chambuliwa. Mama akamweleza. Ndipo Edwin akamwambia kwamba pamba yake haina kosa, na kwamba mashine hii isingekuwa nzuri hivi bila mwanawe.

Nikasema hiyo si kweli yote.

"Najua," mama akasema. "Nimezaa saba. Walikuwaga wananiita wote kwa mara moja, naitika mmoja, wengine nawasahau. Wewe ulikuwaga huiti. Unakaa tu unaniangalia mpaka nikuone. Huyu kijana naye yuko hivyo."

Sijaelewa hapo alikuwa anasema nini. Uji ulikuwa na karanga, mzito, mzuri.

Mchana akampikia Edwin sato mkubwa, akampa kiti chenye mgongo. Mimi nikakalia ndoo. Akamwuliza kama anapendaga ugali wa muhogo. Anapenda. Akamwuliza wazazi wote wako hai. Wako. Akamwuliza anasali wapi. Wakaongea mpaka chakula kikapoa, na Edwin, ambaye karakana nzima hatujamsikia akimaliza sentensi ndefu, akamsimulia habari za ndama wao.

Kwa hiyo ndiyo mbinu yake. Anamteka mama yangu.

Ijumaa, 23 Mei. Musoma

Mama Eufrasia amesikia kila kitu kutoka kwa Mzee Stanslaus. Nilingoja kufukuzwa. Nilikuwa nimeshafungasha kikombe changu. Akanishika bega akasema anayekiri mbele ya watu anafaa kuachiwa duka, na kwamba kuanzia sasa kazi za kinu ni zetu wote wawili, meza moja, laptop moja.

Meza moja. Edwin alisogeza vitu vyake upande wa ukutani ili mimi nikae upande wenye upepo wa ziwa. Nimekagua upande wa ukutani kujua anapata faida gani pale. Hakuna. Joto tu. Bado nachunguza.

Jumapili, 25 Mei. Butiama

Edwin alinialika kwao. Alisema mama yake angependa kuniona. Nilikuja na laptop, kwa tahadhari, asije akapata nafasi ya kubadilisha kitu nyuma yangu.

Walichinja kuku. Dada zake walinitandikia mkeka mpya. Mama yake alinishika mikono yote miwili, akaitazama, akaniuliza habari za ukoo wetu, za upande wa mama na upande wa baba, na kama najuaga kukamua. Nikajibu vizuri. Ni wazi wananifanyia usaili. Nadhani Edwin anataka kufungua karakana yake mwenyewe na kunichukua niwe msaidizi. Msaidizi. Ngoja aone.

Alinitembeza kwenye miamba nyuma ya boma lao. Ni pazuri, mtu anaona mbali. Tulikaa muda mrefu. Laptop sijaifungua kutwa nzima. Nimeligundua hilo sasa hivi ninapoandika. Ndivyo anavyofanya kazi, huyu mtu. Anamlegeza adui kwa mandhari.

Wakati wa kunisindikiza akajikaza, akafunga kamba ya kiatu, akajikaza tena. Akasema mwezi ujao angependa kufika Kabasa kumwona mama. Yeye, na mjomba wake. Na baba zake wadogo wawili.

Wazee watatu. Nikaielewa mara moja. Analeta mashahidi, aje aseme mbele ya mama yangu kwamba emuleta ni yake.

Nikamtazama machoni bila kutetereka. Nikamwambia waje. Alitabasamu mpaka nikamwonea huruma.

Sasa nina mpango. Nimempigia mama simu papo hapo. Nimemwambia Edwin anakuja na wazee wake, nasi tusipatikane wachache: awaite baba mkubwa na mashangazi wote, wavae vizuri, wakae upande wetu. Mama aliniomba nirudie. Kisha akapiga kigelegele sikioni mwangu mpaka simu ikakwaruza.

Anapenda ushindani, mama. Nimerithi kwake. Kesho naanza na faili jingine la Edwin humo kwenye emuleta, linaloigiza saa ya ile kompyuta, ni refu mno na sioni kazi yake. Nitalifuta kabla hajafika.